Naamani, Mto Yordani na Kidonge cha Leo



Masomo ya kutafakari: 2 Fal 5:1-14, YbS 38:1-15, Mk 5:21-43

 Huku kwetu Songea ni msimu wa baridi. Asubuhi ukungu unashuka kutoka milima ya Matogoro, bodaboda wamevaa makoti mawili mawili, na kwenye Misa ya kwanza kinamama wanaingia wamejifunga vitenge juu ya masweta. Kwa wengi wetu baridi hii ni kero tu, unaloweka mikono kwenye kikombe cha chai ya moto mambo yanaisha. Lakini kwa ndugu zetu wenye selimundu, wale ambao mtaani tunasema wana siko seli, baridi hii ndiyo inayoamua kama wiki hii mtu atakuwa darasani au wodini.

Juni 19 ilikuwa Siku ya Selimundu Duniani, siku iliyotokana na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2008. Na sasa tunaingia Julai, mwezi ambao kwa desturi ya Kanisa tunauweka kwa heshima ya Damu Takatifu ya Yesu. Nimeona tarehe hizi mbili zikae pamoja, tuongee kuhusu damu: ile ya Bwana iliyotukomboa, na hii ya ndugu zetu inayowatesa. Hasa nataka kujibu swali ambalo naulizwa karibu kila likizo nikirudi parokiani: "Frateri, mtu mwenye imani anaendelea kumeza dawa hadi lini?"

Ni swali zito kuliko linavyosikika. Kuna watu wameshalijibu vibaya, na gharama yake imelipwa na wengine.

Kwanza, tuuelewe ugonjwa wenyewe

Jina selimundu linajieleza: seli yenye umbo la mundu. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni ya duara na laini. Inapenya kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, na inaishi siku kama 120. Kwa mwenye selimundu, himoglobini imebadilika kidogo tu, lakini badiliko hilo dogo linatosha. Chembe ikikosa oksijeni inajikunja kama mundu, inakuwa ngumu na inanata. Inavunjika baada ya siku 10 hadi 20 hivi, ndiyo maana damu inapungua kila wakati na macho yanakuwa ya njano. Nyingine zinaziba mishipa midogo, na pale zinapoziba ndipo panapouma: mgongo, miguu, kifua. Baridi, kiu, homa na uchovu mkubwa vinaweza kuamsha maumivu hayo.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na kurogwa, wala si laana ya ukoo. Unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba akiwa amebeba kinasaba kimoja, na mama kimoja, wao wenyewe hawaumwi, lakini kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye selimundu. Na hapa kuna jambo ambalo linanigusa sana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea sana kwenye nchi zetu zenye mbu. Yaani kile ambacho familia nyingi zinanong'ona kuwa ni laana, kwa karne nyingi kiliwasaidia mababu zetu wasife utotoni. Basi tuache kuwatafuta wachawi. Tuangalie watoto.

Na watoto ni wengi. Inakadiriwa kwamba Tanzania wanazaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na tumo miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Kwa Afrika, wataalamu wanakadiria kwamba nusu au zaidi ya watoto wasiotambuliwa na wasiotibiwa hawafikishi miaka mitano. Lakini wakitambuliwa mapema na kutunzwa kwa utaratibu, wanakua, wanasoma, wanafunga ndoa, wanazeeka. Kinachowatenganisha mara nyingi ni mambo madogo yanayofanyika kila siku, au yasiyofanyika.

Naamani alikasirishwa na urahisi

Tumfungue Naamani. Alikuwa jemadari wa jeshi la Aramu, mtu mkubwa, shujaa, ila alikuwa na ukoma. Aliyemwonyesha njia ya kupona hakuwa mfalme. Alikuwa binti mdogo mateka, hata jina lake hatuambiwi. Naamani akaenda na farasi, magari, fedha, dhahabu na mavazi, akasimama mlangoni kwa Elisha. Na Elisha hata hakutoka nje! Alimtuma mtu amwambie: nenda kajichovye Yordani mara saba.

Naamani akawaka. Yeye alishapanga kichwani mwake uponyaji uwe namna gani: nabii atoke, asimame, aliite jina la Mungu wake, apitishe mkono juu ya jeraha, na watu waone. Badala yake anapewa maelekezo. Mto fulani, idadi fulani. Akasema kwao kuna mito mizuri zaidi, Abana na Farpari, akageuka aondoke kwa hasira. Ndipo watumishi wake wakamshika kwa hoja ambayo kila muuguzi angefaa kuikumbuka. Kwa maneno yangu mwenyewe ni hivi: mzee, angekuagiza jambo kubwa si ungelifanya? Sasa mbona dogo linakushinda?

Vijana wa Songea, tuseme ukweli. Ningewaambia leo kwamba kuna hija ya kutembea kwa miguu kutoka mjini hadi Peramiho, zaidi ya kilomita 20, kwa ajili ya kuwaombea wagonjwa wa damu, mngekuja wengi, tena mkiimba. Ningewaambia tufunge siku tatu, wapo ambao wangefunga. Lakini ukimwambia kijana mwenye selimundu ameze kidonge leo, na kesho, na keshokutwa, anywe maji ya kutosha hata kama hana kiu, avae sweta hata kama wenzake watamcheka, alale ndani ya chandarua, aende kliniki hata mwezi ambao haumwi, hapo ndipo tunapochoka. Hakuna atakayetupiga makofi kwa kumeza kidonge.

Mwongozo wa matibabu ya selimundu umejaa mambo ya Yordani. Mtoto mdogo apewe pensilini mara mbili kwa siku hadi afike miaka mitano, ili kumkinga na bakteria wanaoua haraka. Asidi ya foliki kila siku. Chanjo zote. Kinga ya malaria. Homa yoyote ni dharura, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri "tuone kesho". Anayefaa kupewa haidroksiurea ameze kila siku kwa dozi inayopangwa kufuatana na uzito wake, na apimwe damu mara kwa mara, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe. Tena inachukua miezi kuonyesha kazi yake. Mimi si daktari, na dozi yako ataipanga daktari wako. Ninachotaka uone ni sura ya maelekezo hayo: mto wa karibu, na idadi ya kutimiza.

Nyuma ya kila mstari kuna mtu

Kuna wanaosema, "Ah, hiyo miongozo ni makaratasi ya wazungu na wizara." Hapana. Kila mstari wa mwongozo umeandikwa kwa maisha ya mtu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya chembe za ajabu zenye umbo la mundu alizoonyeshwa kwenye damu ya kijana aliyekuwa anasomea udaktari wa meno. Kijana huyo alikuwa Walter Clement Noel, kutoka kisiwa cha Grenada. Alimaliza masomo, akarudi kwao kufanya kazi, akafa mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Hakuwahi kupata dawa ya ugonjwa wake. Lakini kila mtu anayetibiwa leo ana deni kwake.

Mwaka 1986 zilitangazwa nchini Marekani habari za utafiti wa pensilini kwa watoto 215 wenye selimundu. Maambukizi yale makali yalipungua kwa asilimia 84, na utafiti ukasimamishwa miezi 8 kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine dawa. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya haidroksiurea kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, pale Mbale na Kilifi kwa majirani zetu. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, na vifo pia. Hapa kwetu, Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu tangu 2004, kazi ambayo Profesa Julie Makani ameiongoza kwa miaka mingi. Nchi yetu sasa ina mwongozo wake wa taifa. Na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2023 imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ingawa njia hiyo bado ni ya wachache.

Sisi Wakatoliki hatupaswi kupata shida kuelewa jambo hili. Tunaishi kwa Mapokeo. Tunapokea tulichopewa na waliotutangulia, tunakitunza, tunakikabidhi kwa wengine. Na sisi wa jimbo hili tuna mfano mlangoni. Wabenedikti walifika Peramiho mwaka 1898, na leo abasia na hospitali ya misheni viko pale pale, karibu karibu. Mmonaki wa Peramiho au wa Hanga anaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto: saa ya sala imepangwa, saa ya kazi imepangwa, hata chakula kimepangwa. Hakuna anayesema mmonaki hana imani kwa sababu anafuata ratiba. Tunasema ratiba ndiyo inayoitunza imani yake siku ambazo moyo umekauka. Tena katika sura ya 36 ya Kanuni hiyo, Benedikto anaagiza kwamba wagonjwa watunzwe kwanza kabla ya mambo mengine yote, kana kwamba ni Kristo mwenyewe anayehudumiwa.

Sasa hebu jiulize: kama kengele ya abasia ni sauti ya Mungu kwa mmonaki, kwa nini alamu ya simu inayokukumbusha dawa saa mbili usiku isiwe sauti ya Mungu kwako?

"Acha dawa, umeshapona"

Hapa naandika juu ya nyumbani kwetu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mdogo wangu wa kike ana selimundu. Alipokuwa kidato cha tatu alikuwa ametulia vizuri kwa muda mrefu, hajalazwa, anacheza, anaimba kwaya. Akaenda kwenye mkutano wa maombi na rafiki zake. Kiongozi mmoja akamwombea, akamwambia amepona, na kwamba kuendelea na dawa ni kumwambia Mungu "sikuamini". Akaacha kila kitu, kimya kimya. Vidonge alikuwa anavificha kwenye soksi.

Wiki za kwanza hakuumwa. Alishuhudia hata mbele ya wenzake. Kisha ikaja baridi ya Juni. Maumivu yalianza miguuni, yakapanda hadi kifuani, na usiku wa pili akawa hawezi kuvuta pumzi. Mama alimbeba hadi kwenye bajaji. Alilazwa siku 11, akaongezewa damu. Siku zile mama alisali rozari nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuna hata moja iliyomzuia kumwita muuguzi kila dripu ilipokaribia kuisha.

Mdogo wangu alikuwa na hofu ya kukemewa. Muuguzi wa zamu alipogundua kwamba dawa zilikuwa zimeachwa, alivuta kiti, akakaa, akamwambia: "Mwanangu, tunaanza tena leo." Basi. Mimi nilimkumbuka yule binti mdogo wa nyumba ya Naamani, asiye na jina, anayejua mahali pa kupona palipo.

Sasa tufikiri pamoja, kwa sababu imani yetu haiogopi kufikiri. Aliyemwambia aache dawa alikosea wapi? Si kwa kuomba. Kuombea wagonjwa ni agizo la Maandiko, na Kanisa lina sakramenti nzima kwa ajili hiyo, Mpako wa Wagonjwa. Alikosea kwa kudhani kwamba Mungu na dawa wanagombea kiti kimoja. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba Mungu ni mkuu kiasi cha kuvishirikisha viumbe vyake heshima ya kuwa visababishi: moto unaunguza kweli, mbegu inaota kweli, dawa inatibu kweli, na yote ni kazi ya Mungu. Yoshua bin Sira aliliona hilo karne nyingi kabla. Anasema tumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na kwamba Bwana huyo huyo ametoa dawa katika ardhi, na mtu mwenye busara hazidharau. Tena angalia mpangilio wake: ukiumwa, sali, acha dhambi, toa sadaka, kisha mpe tabibu nafasi yake. Vyote vinne kwa pamoja.

Thoma anasema pia kwamba mtu mwenye uwezo wa kujisaidia, akaacha makusudi ili aone Mungu atafanya nini, huyo anamjaribu Mungu. Kumbuka Yesu juu ya kinara cha hekalu. Shetani alimshawishi ajitupe, akamtajia na Maandiko! Yesu alikataa.  Kutupa vidonge ili malaika wakudake ni kishawishi kile kile, hata kama anayekuambia ameshika Biblia.

Wengine wananitajia mwanamke aliyetokwa damu miaka 12: "Si alihangaika kwa matabibu wengi bila kupona?" Kweli, Marko anaeleza hivyo, na maumivu ya mama yule ya kutumia mali yote bila nafuu wagonjwa wengi wanayajua. Lakini Yesu hakumlaumu kwa kwenda kwa matabibu. Alimwita binti. Na usiishie hapo, soma hadi mwisho wa sura. Yesu anamfufua binti Yairo, muujiza mkubwa kabisa, na agizo lake la mwisho ni kwamba msichana apewe chakula. Anayefufua wafu haoni aibu kuagiza uji.

Nitajichovya mara ngapi?

Alipopata nafuu, mdogo wangu aliniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa darasani miaka yote ya falsafa. Alisema: "Kaka, Naamani alijichovya mara saba akapona. Mimi nitajichovya mara ngapi?"

Hilo ndilo swali la kweli. Kwa sababu haidroksiurea haiondoi selimundu. Pensilini haiondoi selimundu. Unatoka mtoni ukiwa na ugonjwa wako, na kesho unarudi mtoni. Na lazima tuseme wazi, wapo waliofuata kila kitu, wao na wazazi wao, na bado tuliwazika. Asije mtu akasimama kwenye msiba wa namna hiyo na kusema "hawakufuata masharti" au "imani ilikuwa haba". Huko ni kumwongezea mama aliyefiwa jiwe la pili.

Nilikaa na swali lile siku kadhaa. Nilichompa si jibu kamili, ni vitu viwili.

Cha kwanza: Maandiko hayatuambii Naamani alijisikiaje mara ya tatu, au ya sita. Ninavyosoma mimi, mara ya sita alitoka majini akiwa bado na ukoma. Lakini utii wa mara ya sita haukuwa mdogo kuliko wa mara ya saba. Pengine ulikuwa mkubwa zaidi. Wapo watu ambao Mungu amewaita kuishi maisha yao yote katika ile mara ya sita, na sidhani kama wako mbali naye. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Haukuondolewa. Alichopewa ni neema ya kutosha.

Cha pili ni mana. Jangwani Waisraeli waliokota chakula cha siku moja. Aliyeweka akiba ya kesho, kiliota funza. Mungu angeweza kuwapa ghala la miaka 40, lakini aliwapa asubuhi, na asubuhi nyingine. Na Yesu alipotufundisha kusali alituelekeza kuomba mkate wa leo. Kidonge nacho kiko hivyo. Huwezi kumeza dozi ya mwezi mzima Jumapili ukawa umemaliza, utajidhuru. Huwezi pia kuishi leo kwa kidonge ulichomeza Pasaka. Unakipokea leo, unashukuru, unakimeza. Hakuhitaji ujasiri wa maisha yote. Kunahitaji ujasiri wa leo tu.

Mdogo wangu alifikiri, akasema: "Kwa hiyo Baba Yetu ndiyo sala ya kabla ya dawa." Tangu hapo nyumbani kwetu ni hivyo. Yeye anameza, sisi tuliopo tunasali naye.

Kwa wahudumu, wachumba na jumuiya

Mwongozo haumhusu mgonjwa peke yake. Aristotle, ambaye baba yake alikuwa tabibu, anawacheka watu wanaodhani watakuwa wema kwa kujadili wema tu. Anawafananisha na wagonjwa wanaomsikiliza tabibu kwa makini halafu hawafanyi chochote alichoagiza. Basi na sisi tusiishie kusikiliza.

Ninyi mnaosomea uuguzi na udaktari, Peramiho na kwingineko: mwongozo ni shule ya unyenyekevu. Mgonjwa wa selimundu akija na maumivu, miongozo ya kimataifa inataka apate dawa ya maumivu ndani ya saa moja tangu afike. Asiambiwe "anadeka" au "amezoea sindano". Maumivu hayana kipimo cha maabara. Kipimo ni neno la mgonjwa, na kumwamini ni sehemu ya tiba. Pia upungufu wake wa damu kwa kawaida hautokani na kukosa madini ya chuma, bali chembe zinavunjika haraka. Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma asipewe bila vipimo na sababu, hasa aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi. Juisi ya rozela na mboga za majani ni chakula kizuri, ila haviwezi kushika nafasi ya dawa.

Wachumba: pimeni mapema, kabla hamjachapisha kadi. Majibu ni jambo la kuzungumza kwa upendo, pamoja na padre na mtaalamu, si hukumu juu ya mtu. Kanisa haliwazuii watu wawili wenye kinasaba kufunga ndoa. Na mtoto atakayezaliwa, mwenye selimundu au asiye nayo, ni mtoto wa Mungu kamili tangu kutungwa mimba.

Jumuiya Ndogo Ndogo: si kila anayeruka dozi ni mzembe. Wapo wanaokosa nauli ya kliniki, wapo wanaoambiwa dawa imekwisha, wapo ambao hawana bima. Kumhubiria mtu kama huyo utii bila kumsaidia ni kumwonyesha Yordani na kumfungia njia. Kabla ya kuuliza "umemeza?", tuulize "unazo?"

Maazimio ya mwezi wa Damu Takatifu

1. Kama unatumia dawa yoyote ya kudumu, iunganishe na sala moja fupi. Usiache dawa bila kuongea na daktari wako, hata kama unajisikia vizuri. Mara nyingi unajisikia vizuri kwa sababu yake.

2. Kama una afya, una miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50, nenda ukachangie damu. Wanaume wanaweza kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4. Tunaosali litania ya Damu Takatifu tusiogope sindano ya dakika chache.

3. Mtafute mmoja mwenye selimundu kwenye jumuiya yako. Usimpe pole ya kumchosha. Muulize tarehe yake ya kliniki, umsindikize.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyemwaga damu yako kwa ajili yetu, uwatazame ndugu zetu ambao damu yao imegeuka maumivu. Uwape leo nguvu ya leo. Uwape wauguzi na matabibu mikono yenye uangalifu na masikio yanayoamini. Utuondolee kiburi cha Naamani kinachotaka mambo makubwa na kudharau yaliyo karibu. Uwapumzishe waliotutangulia katika ugonjwa huu, nasi ututunze hadi siku ile utakapoifufua miili yetu, isiyohitaji tena dawa. Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Amina.

Wenu katika Kristo,
Frateri, Songea